Namna ya Kupima Kichekesho Kinachouma

Ukitaka kuzijua filamu za vichekesho, ujue utani kwanza. Husimuliwa kwamba misafara ya pembe za ndovu iliyoshuka Bagamoyo karne ya 19 ndiyo iliyowafanya Wanyamwezi na Wazaramo kuwa watani. Mtani huja msibani akamwigiza marehemu, akazuia shughuli mpaka apewe chochote, na wafiwa hawakasiriki. Msiba ukihamia kwake, naye atafanyiwa hayo hayo.

Hicho ndicho kipimo ninachokiweka mbele ya vyote: anayechekwa amepewa nafasi ya kujibu? Mchekeshaji King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, aliigiza mzee bahili, mkware, mwenye hasira za bure, na dhihaka ilimrudia mwenyewe. Mchekeshaji mwenzake, Sharo Milionea wa Muheza, aliyekufa kwa ajali mwaka 2012, alijigamba kwa utajiri asio nao. Walipokutana katika filamu moja, mzee alimnanga kijana, kijana akamnanga mzee, na hakuna aliyetoka msafi. Ule ni utani kamili.

Mtazame pia Majuto usoni kabla hajasema neno. Kutukana anaweza yeyote. Kusubiri sekunde mbili zaidi, macho yakiwa yameshatangulia kusema, ni kazi ya fundi.

Kichekesho dhaifu humwelemea asiye na pa kujibia: mlinzi wa Kimasai na lafudhi yake, mwenye kigugumizi, mwanamke mnene. Ugonjwa huu ni wa zamani. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilitengeneza filamu ya Muhogo Mchungu, na Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, akaigiza mshamba anayetapeliwa Dar es Salaam. Watazamaji walimcheka mshamba; watawala hawakuguswa. Kinyume chake, kundi la vichekesho la Orijino Komedi, la kina Joti na Masanja, liliwaigiza wakubwa wenyewe, na huko ndiko dhihaka inakostahili kuelekea. Ila kumwiga mheshimiwa sauti tu ni kazi ya kasuku. Mwigizaji mzuri hunasa tabia iliyo nyuma ya sauti.

Ukiwa kibanda umiza, kile chumba cha mtaani cha kuonyeshea filamu, usitazame kioo peke yake. Kabila fulani likitaniwa, mwangalie mwenye kabila lake. Akicheka na kuongeza la kwake, kichekesho kimefaulu. Akinyamaza huku wenzake wanamgeukia, mimi filamu hiyo naihesabu mbovu, hata kama kibanda kizima kimevunjika mbavu.