Mhubiri Anazama Kwenye Sauti Yake

Mwaka 1964 Steve Reich alimrekodi mhubiri mmoja mweusi, anayetajwa kama Brother Walter, akihubiri gharika ya Nuhu pale Union Square, San Francisco. Mwaka uliofuata akakata vipande vya utepe, akaunganisha ncha zake vizunguke, akavicheza kwenye mashine mbili. Mashine hazikwenda sawasawa. Sauti moja ikaanza kuiacha nyingine kidogo kidogo. Ndo kazi yenyewe hiyo, "It's Gonna Rain".

Sehemu ya kwanza naipenda mno. Maneno machache tu yanarudiwa mpaka unaacha kusikia maana, unasikia mdundo. Hata njiwa aliyepiga mbawa pale uwanjani anageuka ngoma!

Ya pili ndiyo inayonikera. Sauti zinakuwa mbili, nne, kisha nane, na maneno yanayeyuka. Kiufundi, jamani, sina la kulalamika: gharika inasikika bila kusimuliwa. Lakini huyu alisimama hadharani ili watu wasikie anachosema, siyo koo lake tu. Mwishoni Reich amebakiza koo. Mimi ningemwachia walau sentensi moja nzima.