Konde Linalopotea Njia

Katika kumbi za ndondi za Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Muthurwa na Kaloleni hadi Pumwani na Kariobangi, kuna kazi ambayo mpita njia hawezi kuitambua hata akisimama mlangoni jioni nzima. Ataona mabondia wakiruka kamba na kupiga begi. Kocha atamwona amesimama tu, mikono nyuma, akitazama visigino vya kijana ambaye makonde yake yanakwenda kombo.

Naam, visigino. Konde la kuzungusha la mkono wa kushoto, lile linalotoka pembeni na kutua shavuni au mbavuni, huanzia chini. Unyayo wa kushoto unageuka juu ya vidole, kisigino kinatoka nje, nyonga inafuata, kisha bega, na mkono unakuja mwisho ukiwa umekunjwa, ngumi na kiwiko vikienda sambamba. Mkono hapo haufanyi kazi kubwa; unabebwa. Likirushwa hivyo, konde husafiri njia fupi na mpinzani halioni mpaka limefika. Kijana anayekosea huanza na mkono. Anauvuta nyuma kutafuta nguvu, kiwiko kinafunguka, ngumi inazunguka mbali, na ikifika mpinzani ameshainama. Au inatua kwa upande wa kiganja, na waamuzi wa ndondi za ridhaa hawahesabu kofi: konde halali hutua kwa vifundo vya ngumi iliyofungwa.

Ugumu wa kulitibu kosa hili ni kwamba mwenye nalo huja na dawa yake mwenyewe, na dawa hiyo ndiyo inayolizidisha. Akikosa, anarusha kwa nguvu zaidi. Ili apate nguvu zaidi anavuta mkono nyuma zaidi, na njia ya ngumi inazidi kurefuka. Ukivuka Barabara ya Thika kutoka Mathare ukafika kwenye uwanja wa gofu wa Muthaiga, utakuta ugonjwa huohuo. Mchezaji anayetumia mkono wa kulia, ambaye mpira wake hupinda kulia, huona heri alenge kushoto. Kumbe mpira unapinda kwa sababu fimbo inaukata kutoka nje kuja ndani huku uso wake umeachama. Akilenga kushoto anaukata zaidi, nao unapinda zaidi. Chanzo mara nyingi ni kilekile cha ukumbini: mabega na mikono imeondoka kabla ya nyonga. Hata tiba ni ndugu. Mwalimu wa gofu humbanisha mwanafunzi taulo kwapani ili mikono isijitenge na kiwiliwili. Kocha wa ndondi humbanisha gazeti lililokunjwa.

Ndiyo maana kocha hodari huanza kwa kunyang'anya. Anamtoa kijana kwenye begi, na hapa ndipo ninapomvulia kofia, maana begi ndilo kijana alipendalo kuliko vyote. Begi haliinami wala halirudishi konde. Ngumi pana ikilipata hutoa kishindo kizito, na kijana anaamini ameweza. Kocha anampeleka ukutani, ubavu wake wa kushoto ukiwa karibu na saruji, nafasi ikitosha mkono uliokunjwa tu. Mkono ukifunguka, unakwaruza ukuta. Hakuna anayemkaripia, anajua mwenyewe, papo hapo, bila mtu kufungua mdomo.

Kisha nguvu zinapigwa marufuku. Kijana anageuza kisigino polepole, nyonga inaitika, mkono unatulia. "Rudia, kijana." Kocha mchanga angetaja kiwiko, kidevu, mkono wa kulia na pumzi kwa mkupuo mmoja. Huyu anataja kisigino, na kesho yake kisigino tena. Kiwiko anakiona kimeshuka na anakinyamazia, kwa kuwa anajua kisigino kikikaa sawa, kiwiko nacho huenda kikajipandisha.

Wakenya wengi humkumbuka Robert Wangila na dhahabu yake ya Seoul mwaka 1988, na ni haki yake, kwani fainali aliimaliza kwa kumwangusha mpinzani katika raundi ya pili. Lakini kwa ufundi ninaousimulia, mtu wa kutajwa kwanza ni Philip Waruinge. Kule Mexico City mwaka 1968 alipata shaba, na bado akapewa kombe la Val Barker, linalotolewa kwa bondia mwenye umahiri mkubwa kuliko wote katika Olimpiki. Mabingwa waliovaa dhahabu walikuwepo. Kombe likaenda kwa mtu wa Kenya aliyejua kupiga. Na Kariobangi ndiko alikopikwa Elizabeth Andiego, mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika ndondi za Olimpiki, London 2012.

Begi hurudishwa mwisho kabisa, baada ya padi na baada ya mazoezi ya kupigana na mwenzake. Hata hapo kocha hatazami raundi ya kwanza, ambapo kila mtu ni fundi. Anangoja ya tatu, mapafu yakiwaka na miguu ikiwa mizito, ndipo anainama kidogo kuangalia kama kile kisigino bado kinageuka.