Jabali si Shuka

Watu wengi wanaozitazama sanaa za nuru hudhani kwamba kazi yote hufanywa na taa. Taa ikiwa na nguvu, na picha ikiwa na rangi za kupendeza, basi mahali picha inapoangukia si neno: iwe ni shuka, iwe ni ukuta, iwe ni mlima, yote ni mamoja. Dhana hii ina umri mkubwa katika Afrika ya Mashariki, na yafaa ichunguzwe upya wakati huu ambapo vyombo vya kurusha miali ya leza, vilivyokuwa zamani mali ya maabara na majumba makubwa ya michezo, vimekuwa rahisi kiasi kwamba mwenye ukumbi wa kawaida wa muziki katika mji kama Kahama au Katoro anaweza kununua kimoja na kukitundika darini. Kwani pale chombo kinapotolewa ukumbini na kuelekezwa kwenye mwamba, au kwenye kifusi cha mgodi, dhana hiyo huharibika mara moja.

Historia ya dhana yenyewe ni fupi na yaeleweka. Mwaka wa 1935 lilianzishwa Vugiri, katika milima ya Usambara, jaribio la kutengeneza sinema za mafunzo kwa ajili ya Waafrika, chini ya uongozi wa Notcutt na Latham, nalo likaendelea hadi 1937. Sinema zilitengenezwa, zikapakiwa katika lori pamoja na mashine ya kufulia umeme, zikapelekwa kuonyeshwa vijijini. Baadaye magari ya sinema ya serikali yakaendeleza kazi hiyo, na miaka ya mwanzo ya 1950 yakaja masimulizi yaliyochezwa kwa Kiswahili, kama vile Muhogo Mchungu, ambamo Rashidi Kawawa, Waziri Mkuu wa Tanganyika wa baadaye, alikuwa mchezaji. Katika mambo haya yote yaliandikwa mengi juu ya sinema na juu ya watazamaji: je, wanaelewa, je, wanacheka mahali pasipostahili, je, picha iende pole au mbio? Juu ya shuka hayakuandikwa mengi. Shuka lilikuwa jeupe, lilikunjuliwa jioni na kukunjwa usiku, na kijiji kilichobaki nyuma yake hakikuhesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Ajabu ni kwamba hata shuka halikukubali kunyamaza kabisa. Kitambaa chembamba hupitisha nuru, na mtu aliyekaa upande wa nyuma huiona picha ileile imegeuka, kulia kukawa kushoto. Hivyo pazia moja huzaa mabaraza mawili ya watazamaji.

Ilikuwapo sababu ya kiufundi ya kulipenda shuka. Taa ya sinema hupeleka picha kwa kioo, na kioo hulenga umbali fulani tu. Mbele ya hapo na nyuma ya hapo picha hufifia na kuwa ukungu. Kwa hiyo pazia lazima liwe bapa. Leza, ambayo Theodore Maiman aliiwasha kwa mara ya kwanza huko California mwezi wa Mei 1960, iliiondoa sharti hiyo. Mwali wake ni mwembamba na hubaki mwembamba karibu na mbali. Mchoraji wa leza hachapi picha nzima kwa mara moja. Vioo viwili vidogo vinavyotikisika upesi mno huupeleka mwali huku na huko, na jicho, ambalo haliwezi kwenda kwa kasi hiyo, huunganisha nukta zikawa mstari. Mstari huo ukipita juu ya pembe ya jabali, ukashuka ufani, ukapanda tena juu ya jiwe la nyuma, huwa mkali pote. Kwa mara ya kwanza mchoraji wa nuru aliweza kuuacha ubapa, na hapo ndipo swali la mahali lilipopata uzito.

Maana mwamba haupokei nuru kama shuka lipokeavyo. Leza ikigonga uso wenye chenga, mawimbi yake hurudi yakiwa yamepishana. Mahali pengine hupeana nguvu, mahali pengine huuana, na mtazamaji huona punje za nuru zinazometameta kana kwamba jiwe limenyunyiziwa chumvi. Akikisogeza kichwa, punje nazo husogea. Jirani yake haoni punje hizohizo. Wenye maonyesho huliita jambo hili kasoro na hujitahidi kulipunguza. Mhakiki ana haki ya kuliona vingine, kwa kuwa ni sauti ya jiwe lenyewe, na hakuna kitambaa kilichopata kuitoa. Rangi pia ina neno lake. Leza nyingi za bei nafuu ni za kijani, kwa sababu jicho la mwanadamu huiona kijani kwa wepesi kuliko rangi nyingine. Lakini udongo mwekundu, ambao ndio udongo wa sehemu kubwa ya Geita, hurudisha nyekundu na kumeza kijani. Mchoro ung'aao juu ya jabali la kijivu la Usukuma utakuwa hafifu ukipelekwa juu ya tuta jekundu la machimbo, na juu ya vilima vyeusi vya mawe ya chuma huenda ukafa kabisa. Taa ni ileile, umeme ni uleule. Kilichobadilika ni mpokeaji.

Ikiwa mpokeaji ni nusu ya kazi, yafuata kwamba sifa ya kazi haiwezi kutolewa kwa kutazama taa peke yake. Mifano ya ulimwengu yathibitisha. Tangu 1961 mapiramidi ya Giza yamekuwa yakimulikwa usiku kwa maonyesho ya nuru na sauti, na Sphinx amepewa ulimi asimulie mambo ya wafalme. Maonyesho hayo hupendeza, wala hapana dhambi kubwa ndani yake, ila msikilizaji mwangalifu hugundua kwamba maneno ya Sphinx yangeweza kusemwa na kibao cha makumbusho. Jiwe limetumiwa kama jukwaa.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, na hauna budi kukaliwa. Karibu na Atlanta, katika jimbo la Georgia la Marekani, liko jabali kubwa liitwalo Stone Mountain, la jamii moja na majabali ya Usukuma. Juu ya jabali hilo, mwaka wa 1915, Ku Klux Klan walikutana usiku, wakawasha msalaba, wakakihuisha chama chao. Ubavuni mwake ilianzwa katika 1923 kuchongwa sanamu ya viongozi watatu wa majimbo ya Kusini yaliyopigana kulinda utumwa: Davis, Lee na Jackson, wamepanda farasi, kazi ikasimama, ikaanzwa tena katika 1964, ikamalizika 1972. Mwaka wa 1983 maonyesho ya leza yalianza juu ya ukuta huo. Kwa miaka mingi kilele chake kilikuwa ni mchoro wa leza uliozifuata kingo za sanamu, ukawatoa wapanda farasi mwambani na kuwaendesha mbio, huku umati uliokaa nyasini ukishangilia. Kwa upande wa ufundi ni jambo la kusifiwa: mstari ulikaa barabara juu ya mchongo, na jiwe lilionekana kupumua. Na hapa ndipo sifa ya ufundi inapogeuka kuwa shtaka. Lau mchoro ungekaa vibaya, farasi wasingekimbia. Nuru ilitii jiwe kwa umbo lake, ikakataa kulisikia kwa habari zake; iliwapa uhai wale ambao jiwe lilikuwa limewafisha, na kuwaacha kimya wale waliotishwa kwa moto uliowashwa kileleni. Watetezi wa sanaa hii hupenda kusema kwamba nuru haiachi alama: asubuhi ukuta ni uleule. Ni kweli ukuta ni uleule. Watazamaji sio walewale.

Ulinganishe na kazi ya Krzysztof Wodiczko, Mpolandi, aliyekuwa London mwaka wa 1985 kwa ruhusa ya kurusha picha juu ya nguzo ya Nelson. Usiku mmoja aligeuza mashine moja kuelekea jumba la ubalozi wa Afrika ya Kusini lililo uwanjani hapohapo, akaweka juu ya paji la jengo alama ya swastika ya Wanazi. Yapata saa mbili ilikaa, kisha polisi wakaizima. Hakutumia leza, bali picha za kawaida za kioo. Hapakuwa na mwendo wala muziki. Lakini picha ile isingekuwa na maana popote pengine. Ukiiweka juu ya shuka ni tusi la ovyo. Ukiiweka juu ya jumba lile, katika mwaka ule wa ubaguzi, ni sentensi kamili, na nusu ya maneno yake yaliandikwa na waliolijenga na kulikalia jumba.

Usukuma hauhitaji kungoja mafundisho ya London katika jambo hili, kwa maana una mahakama yake ya kale ya kuhukumu maonyesho. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake huhesabiwa kutoka kwa waganga wawili washindani, Ngika na Gumha, hucheza baada ya mavuno pande mbili za uwanja kwa wakati mmoja. Umati haukai vitini. Unakwenda unakopenda, unarudi, unakwenda tena. Na upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Kwa ajili hiyo wachezaji wamebuni kila namna ya kustaajabisha: nyoka walio hai, nungunungu, sanamu za mti zenye viungo vinavyochezeshwa. Ni wazi kwamba leza ingepokewa katika uwanja huo bila ubishi. Mtu asiulaumu upokezi huo kwa kuuita ushamba, kama ambavyo baadhi ya wasomi huwa tayari kufanya kila wakionapo umati umekusanyika. Wacheza ngoma hawa wamekuwa wakijaribu vyombo vipya tangu kabla ya taa ya umeme kufika. Lakini yafaa ionekane pia kwamba nyoka wa Bagika hakuwa pambo tu. Mchezaji aliyemshika alijulikana kuwa na dawa yake na mafunzo yake, na mshangao ulitokana na elimu ya kweli juu ya kiumbe wa kweli wa mbugani. Kwa kipimo hicho, leza inayonyunyiza nyota elfu za kiwandani juu ya ukuta wowote, Shinyanga leo na Dubai kesho, ingevuta watu jioni ya kwanza na kuwapoteza ya tatu.

Na ni nyuso gani zilizoko katika nchi hiyo? Majabali yapo. Lakini nyuso zinazosema kwa sauti kubwa ni zile zilizotengenezwa na uchimbaji: shimo la almasi la Mwadui, lililoanzwa na Williamson baada ya ugunduzi wake wa 1940, na mabwawa yake ya tope, ambayo ukingo wa mojawapo ulibomoka tarehe 7 Novemba 2022, ingawa kovu jipya hufanana upesi na la kale; halafu kuta za Nyankanga huko Geita; halafu maduara ya wachimbaji wadogo yenye matimba yake. Katika migodi mikubwa ya siku hizi leza imekwisha fika zamani, ila kwa kazi nyingine: hupima kuta na mapango, nukta kwa nukta, ili ijulikane mwamba umekatwa kiasi gani. Katika mitambo ya kuchambulia almasi, kokoto hupitishwa chini ya miali ya eksirei, na ile iliyo almasi huwaka. Jiwe huulizwa kwa nuru na hujibu. Msanii atakayekwenda huko na projekta yake atakuta kwamba nuru si ngeni kwa mwamba ule. Imekuwa ikitumika kuhesabu.

Uso mmoja wastahili kutajwa peke yake, nao ni magwangala, yaani mawe ya taka yanayomwagwa na mgodi mkubwa wa Geita kwa kuwa dhahabu yake ni haba mno kwa mitambo yake, lakini si haba kwa kijana mwenye nyundo. Haki ya kuyaokota imedaiwa kwa miaka mingi, na madai yamefika hadi kwenye majukwaa ya viongozi wa taifa. Kwa kurushia picha, lundo la magwangala ni baya kupita kiasi: limevunjika, lina vivuli vingi, rangi yake haipatani. Sura ya mtu haitakaa juu yake. Neno refu halitasomeka. Labda mstari mmoja tu ungekaa, mfano wa mpaka, au kipimo cha urefu lundo lilikofika mwaka uliopita. Tena ni uso usiotulia. Msanii angeupima mchoro wake jioni ya Jumatatu, akauweka sawa juu ya kila pembe na kila ufa. Na Jumanne akute sehemu ya ukuta wake imekwisha kutiwa katika magunia na kupelekwa karasha.