Mpira Usiolia

Kwenye ukumbi wa mazoezi nina tabia moja ambayo wenzangu wameshaizoea: mtu akipanda mpira mkubwa, mimi nafumba macho. Mpira wa asiyeujua hulia. Unakwaruza sakafu, unateleza kidogo, unarudi, unakwaruza tena, kila anapohamisha uzito kutoka tako moja kwenda jingine. Wa anayeujua hausikiki. Kinachosikika ni pumzi yake tu, inaingia na kutoka kama ya mtu anayekuna nazi bila haraka. Nikifumbua macho, mara nyingi sikuti jambo la ajabu: mtu amekaa, mguu mmoja umeinuka kwa kimo cha kiberiti, basi. Huyo ndiye fundi. Yule aliyesimama juu ya mpira huku rafiki yake akimpiga picha ni mwanasarakasi, na sarakasi ina heshima yake, ila hapa siizungumzii.

Mipira hii ilianza kutengenezwa mwaka 1963 na Aquilino Cosani, Mwitaliano mwenye kiwanda cha plastiki. Waliotangulia kuitumia kwa tiba hawakuwa wanamichezo. Mary Quinton, mtaalamu wa fiziotherapia kutoka Uingereza aliyefanya kazi Uswisi, aliitumia kwa watoto wachanga. Baadaye Susanne Klein-Vogelbach, aliyeongoza chuo cha fiziotherapia mjini Basel, akaifikisha kwa watu wazima wenye matatizo ya mgongo na viungo. Wamarekani walioikuta huko wakaiita mipira ya Uswisi, na Mwitaliano wa watu akasahauliwa.

Asili hiyo bado inaonekana kwenye kliniki za watoto wenye mtindio wa ubongo. Mtoto hulazwa kifudifudi juu ya mpira, mtaalamu akauinamisha sentimita tatu au nne, kisha akangoja. Anangoja shingo ijibu. Ikinyanyuka yenyewe, hata kidogo, somo limeingia. Kipimo changu nimekitoa pale. Natazama mwili unajibu nini mpira unaposogea kidogo. Mpira umesogea umbali gani, hilo halinihusu.

Lakini tuanzie dukani, maana mpira mbovu humwangusha hata fundi. Vipimo vya kawaida ni 55, 65 na 75, yaani sentimita za kipenyo. Mtu wa urefu wa sentimita 150 hadi 165 hivi huchukua 55, wa kufikia 185 huchukua 65, na warefu zaidi ya hapo 75. Hesabu hiyo ni ya kuanzia tu, maana hakimu ni goti. Kaa, nyayo zilale zote sakafuni: paja linatakiwa liwe sambamba na sakafu, au nyonga iwe juu ya goti kwa kiasi kidogo. Goti likiipita nyonga, mgongo wa chini hujikunja, na kila utakachofanya baada ya hapo kimeshaharibika.

Namba iliyopigwa chapa usiiamini. Niliwahi kununua Kariakoo mpira ulioandikwa 65. Niliujaza upepo mpaka nikaogopa, ukagomea 58. Tangu siku ile naenda na uzi. Mpira wa 65 una mzingo wa sentimita 204, wa 55 una 173, wa 75 una 236. Kata uzi wa urefu huo, uzungushie mpira pale uliponenepa kuliko pote, na ubishi umekwisha. Futi kamba ya fundi cherehani haisaidii sana hapa, maana huishia 150.

Kisha uupime mkononi kabla haujajazwa. Wa 65 ulio mwepesi kama mfuko wa rambo mimi huurudisha rafuni. Nataka nisikie kilo moja na zaidi. Pitisha kidole kwenye mstari wa kalibu unaouzunguka: uwe laini, usiwe na uvimbe wala mahali palipokonda. Uso uwe na ukakasi kidogo. Mpira unaong'aa kama gari lililotoka kupigwa polishi hupendeza dukani, lakini kwa joto la Dar es Salaam, na mgongo uliopakwa mafuta ya nazi asubuhi, utakuponyoka kama sabuni.

Jambo ambalo sina mchezo nalo ni kupasuka. Kuna mipira iliyotengenezwa isipasuke kwa ghafla: mpira ukitobolewa, hewa hutoka polepole, nawe unashuka nao hadi chini. Mingine hupasuka kama puto. Mwaka 2009 Francisco García, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Sacramento Kings huko Marekani, alikuwa amelala juu ya mpira akinyanyua vyuma; mpira ukapasuka, akavunjika mkono. Wala usidanganywe na kilo nyingi zilizoandikwa kwenye boksi. Aghalabu huo ni mzigo uliotulia, na binadamu anayejibwaga juu ya mpira na vyuma mikononi hajatulia. Mpira ukitoboka usitie kiraka. Tairi ya baiskeli ina tyubu ndani yake, huu hauna kitu ndani ila hewa. Utupe.

Hewa nayo ina ujuzi wake. Mpira mpya ujaze kama robo tatu au zaidi kidogo, uuache mpaka kesho yake plastiki inyooke, ndipo umalizie. Kinachowapita wengi ni kwamba kiasi cha hewa ndicho kiwango cha ugumu wa zoezi. Mpira uliojaa ndi hugusa sakafu kwa sehemu ndogo, kwa hiyo hukimbia upesi. Uliopungua hewa hulalia sakafu kwa sehemu pana ukatulia. Nikimwona mwalimu anachomoa kizibo kupunguza upepo kidogo kabla ya kumkalisha mzee wa miaka sabini, sihitaji kuuliza alisomea wapi.

Sasa kazi yenyewe. Kipimo cha kwanza ni kukaa, na watu hukidharau. Fikiria ngalawa: chombo chenyewe ni chembamba, kinachoizuia isipinduke ni matengo yaliyotandazwa pande mbili. Miguu ndiyo matengo yako. Ikiwa mbalimbali, unaweza kukaa juu ya mpira ukasoma gazeti. Ilete karibu, nyanyua mmoja, umeondoa tengo, na hapo ndipo kila mtu huonekana alivyo. Mgeni hulipa deni la tengo hilo kwa bega: linashuka upande mmoja, shingo inakakamaa, pumzi inakatika. Macho yake yanaganda ukutani kama ya mtu anayezama. Aliyeiva uzito wake huhama kwanza, kimyakimya, ndipo mguu unapoachia sakafu; ukitazama miguu tu utadhani haukuhama kabisa. Mama anayepanda kilima na ndoo ya maji kichwani, ngata chini yake na mikono ikining'inia, anaijua siri hii bila kuingia ukumbi wowote. Mwambie fundi wako afumbe macho. Mizani ya mwili hutegemea macho, sikio la ndani na taarifa zitokazo kwenye viungo. Ukimnyang'anya macho, utajua hayo mengine yamefundishwa au yamesinzia.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote lilienezwa na Stuart McGill, profesa wa Kanada aliyetumia miaka mingi kuchunguza migongo, na lina jina la kijikoni: kukoroga chungu. Mtu anaegemeza vigasha vyake juu ya mpira, mwili umenyooka hadi vidoleni kama kwenye planki, kisha anachora miduara kwa viwiko. Sisi tungeliita kusonga ugali, na lingefundishika haraka zaidi, kwa sababu kila aliyesonga ugali anajua kwamba mwiko ndio unaozunguka na sufuria haitakiwi kutoka jikoni. Tazama mkanda wa suruali. Ukizunguka pamoja na mikono, sufuria imetoka mafigani. Duara liwe dogo kama kisahani, halina neno. Nimewaona vijana wenye misuli ya kutisha wakichora duara la sinia huku kiuno kikibonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea. Miduara mitatu safi kwa kila upande inanitosha kuliko thelathini ya namna hiyo.

Kulala chali na visigino juu ya mpira, ukanyanyua nyonga, ni zoezi zuri pia: mpira usitikisike, mbavu zisifumuke. Kunyanyua vyuma vizito juu ya mpira silipendi, na siyo kwa sababu ya García peke yake. Pasipo imara, mwili hutumia sehemu ya nguvu zake kujizuia usianguke, kwa hiyo uzito unaoweza kuusukuma hupungua. Ukitaka kifua, kuna benchi. Na wale waliotupa viti vya ofisini wakakalia mpira kutwa nzima, nimewatazama saa kumi jioni: wamejikunja vilevile, tofauti ni kwamba hawana pa kuegemea. Chumba cha wakunga ni habari nyingine. Huko mama mwenye uchungu huukalia akayumba taratibu, na sijaona kiti kinachofanya hivyo.

Mwalimu namjua kwa maswali yake. Asiyeuliza kuhusu kizunguzungu, mimba, mifupa iliyopungua au mgongo uliowahi kufanyiwa upasuaji, huyo anauza jasho. Kijana mmoja niliyemtazama akimpokea mwanafunzi mpya, bibi aliyestaafu ualimu, alimwamkia, akausukuma mpira kwenye pembe ya kuta mbili, akatandika mkeka, kisha akauliza:

"Bibi, tukidondoka, tunadondokea wapi?"

Bibi akageuza kichwa, akaonyesha mkeka ulio mbele yake. "Hapo, mwanangu."

"Na mimi nitakuwa wapi?"

"Wewe kaa ubavuni, huu mguu wa kushoto ndio mtundu."

Waliongea hivyo kama dakika tano kabla hajaketi. Kazi ya mpira wenyewe ilichukua muda mfupi kuliko hapo, na sikuandika chochote mpaka ulipofika wakati wa kushuka, maana hapo ndipo ninapotoa alama zangu za mwisho. Wengi hushuka kama wanaokimbilia daladala: wameshamaliza kichwani, mwili uko njiani, mpira unarukia upande wa pili wa ukumbi. Bibi aliweka kiganja juu ya mpira, akavuta nyayo zote mbili nyuma, akainamisha kifua, akapumua nje, akasimama. Mpira ulibaki palepale penye pembe. Alikwenda kunywa maji.