Cheche, Waya na Upepo: Uhakiki wa Tafsiri ya Istilahi za Mawasiliano za Kijerumani kwa Kiingereza katika Historia ya Ziwa Victoria

Mnamo Juni 1915 kikosi cha Waingereza kilivuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu na kuushambulia mji wa Bukoba. Shabaha kuu ilikuwa mtambo ambao Wajerumani waliuita "Funkenstation". Mwanza, iliyoandikwa Muansa katika ramani za Kijerumani, nayo ilikuwa na mtambo wa aina hiyo hadi ilipotekwa mwaka 1916. Maandishi ya Kiingereza huuita mtambo huo mara "wireless station", mara "radio station". Msomaji wa Mwanza anayeijua historia ya ziwa lake kupitia Kiingereza hawezi kutambua kwamba majina yote mawili yanasimama badala ya neno ambalo halitaji waya kabisa.

"Funken" ni cheche. Mtambo wa wakati huo ulizalisha mawimbi kwa kurusha cheche ya umeme kati ya ncha mbili za chuma, na mwendeshaji aliyagawa mawimbi hayo katika nukta na mistari ya Morse. Istilahi ya Kijerumani inataja kinachotendeka. Ya Kiingereza inataja kisichokuwapo. Kijerumani pia kilikuwa na "drahtlos", yaani bila waya, kwa hiyo mfasiri anayetoa "wireless" kwa maneno yote mawili anafuta uteuzi wa mwandishi. Kiingereza hakikukosa taswira hiyo: melini, mwendeshaji wa mtambo aliitwa "Sparks". Ila taswira ilibaki katika lakabu, haikufika kwenye jina la ofisi.

Hata hivyo, "wireless" ni upungufu mdogo. "Radio station" inapotosha. Anayeifasiri kwa Kiswahili leo ataandika "kituo cha redio", na msomaji atafikiria studio, mtangazaji na muziki, ilhali Tanganyika ilipata utangazaji wake mwaka 1951 kwa Sauti ya Dar es Salaam. Sababu yenyewe ya shambulio inapotea: Waingereza walikusudia kukata mawasiliano ya adui, si kuzima matangazo. Kiswahili kina kisawe kinachofaa zaidi, "simu ya upepo". Kwa kuwa "simu" inatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya waya, msemo huo kwa asili yake ni "waya wa upepo". Mantiki inaukataa, lakini wasemaji hawakusumbuka, kwani kwao simu ilikwisha kuwa ujumbe wenyewe.

Eugen Wüster, katika kazi yake ya mwaka 1931, alishikilia kwamba mwanaistilahi aanze na dhana ndipo atafute jina. Kanuni hiyo inamsaidia sana mfasiri wa mwongozo wa mitambo. "Teilnehmer" kwa maana ya kawaida ni mshiriki, lakini katika simu ni "subscriber", na anayeandika "participant" amekosea bila utetezi. Kiswahili kinamwita mtu huyohuyo mteja. Mmoja anashiriki, mwingine ametia saini, wa tatu ananunua.

Kanuni hiyohiyo haitoshi mbele ya nyaraka za kihistoria, ambamo jina nalo ni ushahidi. Katika miaka ya 1870 Heinrich von Stephan, mkuu wa Posta ya Dola ya Ujerumani, aliondoa maneno mengi ya kigeni katika lugha ya idara yake. "Telephon" ikapisha "Fernsprecher", msemaji wa mbali. Mfasiri akirudisha "telephone", dhana imefika salama, lakini sera ya lugha iliyoletwa hadi ofisi za makoloni haionekani tena. Kwa nyaraka za Bukoba na Mwanza, linalofaa ni kuandika "wireless station", kuliacha neno la Kijerumani kando yake mara ya kwanza linapotokea, na kueleza cheche hiyo katika tanbihi.