‘Kusasisha’ kompyuta za ofisi: Kitenzi kimoja, kazi mbili

Majuzi nilionyeshwa waraka wa ofisi moja mjini Machakos ukiagiza kompyuta zote ‘zisasishwe hadi Windows 11’ kufikia Ijumaa. Sina ugomvi na kitenzi ‘sasisha’. Kimetokana na kielezi ‘sasa’ na kiambishi cha kutendesha ‘-isha’, na kinashinda ile ‘ku-update’ ya vijana wetu wa ICT. Ila hapa kimebebeshwa mzigo usio wake.

Kusasisha ni kutia kiraka: mfumo unabaki uleule, mwanya wa wadukuzi unazibwa. Viraka vya kawaida vya Windows 10 vilikoma Oktoba 14, 2025. Kwenda Windows 11 ni kuhamia toleo jingine, na kwa masharti ya Microsoft, tarakilishi (ndiyo, bado nalipenda neno hili) isiyo na chipu ya usalama ya TPM 2.0 haina nafasi huko. Sasa karani anasoma ‘sasisha’, anabonyeza, anangoja, wapi! Mashine ni ya kubadilishwa, na hela hazikutengwa kwa sababu waraka haukutaja kununua.

Mimi ningeandika: ‘Zenye uwezo zihamishiwe Windows 11; zisizo nao ziondolewe, nyingine zinunuliwe.’