Kidhibiti au Kiratibu? Juu ya Istilahi Moja ya Programu za Wavuti

Mfasiri akutanapo na jina la ile sehemu ya programu ya wavuti ipokeayo ombi la mtumiaji na kulipeleka panapohusika, neno limjialo upesi ni "kidhibiti". Kisarufi halina kosa. Kosa limo katika maana. Abiria wa Ubungo wanakijua kidhibiti mwendo cha basi: kazi yake ni kuizuia injini isivuke kiasi. Sehemu tunayoijadili haizuii kitu. Trygve Reenskaug, Mnorwei aliyebuni mpango huu mwaka 1979 akiwa Xerox PARC huko Marekani, aliifanya kuwa kiungo kati ya mtu na programu. Habari na kanuni zake alizikabidhi kwa modeli.

Mwanafunzi aliyefundishwa "kidhibiti" hurundika kila kazi humo. Tuchukue mfano wa fomu ya tiketi katika Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichorithi kazi ya stendi ya Ubungo mwaka 2021. Mama asafiri na watoto wawili na mizigo. Fomu ni moja, lakini nyuma yake zimo modeli nne zinazohusiana: safari, abiria, mzigo na malipo. Kidhibiti kitakagua umri wa watoto, kitakokotoa nauli, kisha kitahifadhi habari moja moja. Malipo yakikataliwa mwishoni, viti vitatu vimekwisha kuandikwa, na basi litaondoka na nafasi tupu. Nimesahihisha kazi za namna hii mara nyingi mno.

Dawa yake yajulikana. Fomu yenyewe ifanywe kitu kamili ndani ya programu, kizikusanye modeli hizo, kizikague pamoja, na kuzihifadhi katika muamala mmoja: ama ziingie zote, ama isiingie hata moja. Sehemu yetu hubakiwa na mistari michache tu: pokea, kabidhi, jibu. Ruby on Rails 2.3, ya mwaka 2009, iliiwezesha modeli mama kupokea pia habari za modeli zilizo chini yake. Njia hiyo yafaa kwa fomu ndogo, ila huitwisha modeli mzigo usio wake.

Kwa hiyo napendekeza "kiratibu". Watakaopinga watasema kwamba neno hilo limechoshwa na maofisi, ambako kila mradi una mratibu wake. Wana haki kiasi; lakini mratibu wa mkutano hapiki chakula cha wageni. Ama "modeli", na liachwe lilivyo, kwani "kielelezo" limekwisha kupewa kazi nyingine katika vitabu vya shule.